Mtungi wa Kilo 6 Uchelewe Kuisha

Matumizi ya gesi yapime kwa saa za moto, siku hazikuambii kitu. Jiko la kichwa kimoja linalofungwa juu ya mtungi wa kilo 6, likiachwa moto mkubwa, hula takribani gramu 200 kwa saa. Mtungi mzima basi ni saa 30 hivi. Nyumba inayobandika maharage makavu mara tatu kwa wiki, saa mbili na nusu kila mara bila kupunguza moto, inateketeza robo ya mtungi kwa maharage peke yake. Chai ya asubuhi ndiyo husingiziwa, na wala haifiki huko.

Kwa hiyo anza na maharage. Yachambue, yaoshe, uyaloweke tangu usiku kwa saa 8 hadi 12, maji yawe mara tatu ya maharage maana yatavimba. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine. Ukisahau kuloweka, yachemshe dakika 3, zima, funika, yaache saa moja kabla ya kuendelea. Yaliyolowekwa huiva kwa saa moja au zaidi kidogo. Yaliyolala dukani miaka hugoma hata ufanyeje, na hapo kosa si la jiko. Nyanya, ndimu na ukwaju vingoje mpaka yalainike, kwa sababu asidi huyafanya yachelewe kuiva. Magadi yanasaidia kweli, ila ni ya ncha ya kijiko: yakizidi huharibu vitamini B1 na mchuzi unanukia sabuni.

Sufuria ikishachemka, funika na uteremshe moto hadi maji yatokote taratibu. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100 na hayapandi zaidi ya hapo, hata yakiruka mpaka kifuniko kigonge. Moto wa ziada unatengeneza mvuke tu. Kwenye miinuko kama Mbeya huchemka chini ya nyuzi 95, ndiyo maana maharage ya huko huchelewa. Mtu wa huko asisite kununua presha kuka. Ndani yake joto hufika karibu nyuzi 120, na maharage yaliyolowekwa huiva ndani ya dakika 20 hadi 25 tangu ianze kupuliza. Usiijaze kupita nusu: povu na maganda huziba tundu la mvuke, na hapo ndipo inapogeuka hatari.

Asiye na presha kuka atumie kapu. Chukua kapu pana, tandaza blanketi kuukuu chini na pembeni, tayarisha na mto wa kufunikia. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwa nguvu dakika 20, kisha sufuria iingie kapuni na kifuniko chake bila kufunuliwa, ikae saa 3 au 4. Sufuria iwe imejaa zaidi ya nusu. Chakula kidogo hupoa kabla hakijaiva. Zile dakika za kuchemka usizipunguze, hasa kwa maharage mekundu, kwa kuwa yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali tu, joto la wastani haliiwezi. Ukiyatoa, yachemshe tena ndipo uyaunge.

Tazama na rangi ya moto. Unatakiwa uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na sufuria inashika masizi, gesi haipati hewa ya kutosha, na mara nyingi ni uji au chai iliyofurika ikaziba vitundu. Jiko likipoa, toa kichwa, kisugue kwa brashi kavu, zibua vitundu kwa sindano. Kile kitundu kidogo kabisa gesi inakotokea usikichokonoe kwa msumari. Kikipanuka, jiko litakula gesi maisha yake yote.

Dukani, omba mtungi upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake, mara nyingi kando ya herufi TW au neno TARE. Jumlisha na 6. Ukiwa umeandikwa 7.2, mizani isome 13.2. Nyumbani, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Usijaribu kwa kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hujikusanya sakafuni, kwa hiyo ukiisikia harufu funga mtungi na ufungue mlango, usiguse swichi.

Wengine moto ukififia huulaza mtungi ili "kumalizia". Waache tabia hiyo. Mtungi ukilala, gesi hutoka ikiwa kimiminika badala ya hewa, na moto unaweza kuripuka hadi usoni. Kuutikisa hakuongezi kitu, na kuuweka kwenye maji ya moto ni kuongeza presha ndani ya chuma usichokijua umri wake. Kilichobaki mara nyingi ni gramu chache, hazitoshi hata ugali.