Kijana wa sekondari asiyejua kusoma: tafuta palipokatika

Kila Januari walimu wa sekondari za kutwa tunapokea vijana waliofaulu darasa la saba na kusoma hawajui. Mimi sishangai tena. Maswali mengi ya mtihani ule ni ya kuchagua herufi, na mtoto mwenye sikio zuri anaweza kuipita shule ya msingi yote kwa kusikiliza tu. Tena usidanganywe na daftari. Wapo wenye mwandiko mzuri kuliko wangu, wananakili ubao mzima bila kuruka nukta, lakini ukiwaambia wasome mstari mmoja wa walichoandika wanaanza kukohoa.

Nafundisha Kiswahili, kwa hiyo wenzangu wa Jiografia na Baiolojia huniletea vijana hao wakisema, "Huyu ni wako, mwalimu wa lugha." Nimekaa nao vya kutosha kuwa na msimamo mmoja: usimrudishe a e i o u.

Kwanza, ni aibu. Kijana wa miaka 14 aliyeshikishwa kitabu cha darasa la kwanza mbele ya wenzake ameshapewa jina la kilaza, na kesho humuoni. Pili, hizo anazijua. Kiswahili kina irabu tano tu na kinasomwa kinavyoandikwa. Karibu kila niliyempokea anasoma baba, kaka, kuku na meza bila shida. Amekatika mbele ya hapo, na kazi yako ya kwanza ni kupajua hapo mahali.

Andaa karatasi moja. Mstari wa kwanza weka silabi nyepesi: ma, ti, ku, le. Wa pili, herufi mbili zenye sauti moja: cha, sho, dhi, gha, nye, thu, ng'o. Wa tatu, zenye m au n mbele: mba, ndi, nje, ngu, mvu, nzi. Wa nne, zenye w au y: mwa, kwe, bwa, pya, vyo. Wa tano, mizigo mizito: mbwe, ngwa, nywa, shwa. Kisha chini kabisa weka maneno ambayo hayapo: tumibo, dhakewi, nyovasha, mbwelita, ng'irupo. Haya ya uongo ndiyo kipimo chenyewe. Neno la kweli kijana analibahatisha kwa herufi ya kwanza, akiona "mwangaza" anasema "mwanafunzi", akiona "kijiko" anasema "kijiji", na wewe unadhani ni haraka tu. "Mbwelita" haibahatishiki. Ama unaisoma, ama huisomi.

Mfanyie mmoja mmoja, faraghani, na usimsahihishe wakati anasoma. Andika tu alichosema. Wengi wataanguka mstari wa tatu au wa nne, na kutoka hapo unajua mwezi huu unafundisha nini.

Tahadhari moja kabla hujatia alama za makosa. Kuna lafudhi na kuna kusoma. Kijana anayesema "kura" akimaanisha "kula" nyumbani, barabarani na kwenye mpira, akisoma hivyo kitabuni hajakosea kusoma. Vivyo hivyo anayesema "zahabu" kwa "dhahabu", au "mutoto" kwa sababu lugha ya kwao inaweka u hapo. Muulize maana. Akiijua, endelea.

Sasa ufundishaji wenyewe. Mimi naanza na imla kabla ya kusoma. Natamka "nywele", wanagonga silabi kwa vidole mezani, mbili, wanachora visanduku viwili, wanajaza nywe na le, ndipo wanasoma walichoandika. Kundi moja la sauti kwa wakati mmoja, kwa dakika 20 kila siku baada ya vipindi. Dakika 20 za kila siku zinazishinda saa mbili za Jumamosi, kwa sababu hadi Jumamosi ifike ng na ng' zimesharudi kuwa kitu kimoja. Hizo mbili zinahitaji uvumilivu: ngoma, ng'ombe, ngazi, ng'ambo, kila siku kidogo. Na m nayo ina ujanja wake, maana kwenye m-ti na m-to-to inasimama peke yake kama silabi, ilhali kwenye mba-li imeshikamana na b. Aliyezoea kuwa kila konsonanti lazima ifuatwe na irabu anatafuta irabu hapo asiione.

Lakini silabi si mwisho wa safari, na hapa ndipo naona walimu wengi wakiachia njiani. Kijana anasoma silabi zote, halafu anakutana na "anayewasomesha" na kusimama katikati. Akifika "sha" ameshasahau "a". Vitabu vya kuanzia vimejaa maneno mafupi. Kitabu cha Historia kimejaa yaliyosababisha, walivyojitawala, zinazopatikana. Kiswahili kinarefusha maneno, na urefu wenyewe unatisha.

Dawa ninayoiamini ni kulikuza neno mbele ya macho yake, mstari kwa mstari:

soma
anasoma
anasomesha
anayesomesha
anayewasomesha

Anasoma kutoka juu kushuka, na kila mstari una kitu kimoja tu kipya. Siku inayofuata tunafanya kwa pika, kisha piga, kisha ambia mpaka tufike "hawajaniambia". Siku chache tu na wanaanza kuona wana-, hawaja-, wali-, -po-, -vyo- kama vipande vizima badala ya herufi sita sita za kukusanya. Faida tuliyo nayo kwa kijana kuliko mtoto ni kwamba sarufi hii yote iko mdomoni mwake tayari. Hajawahi kukosea kusema "hawajaniambia" akimlalamikia mtu. (Usianze kumweleza mofimu na viambishi. Hayo yana kipindi chake.)

Matini tafuta za kikubwa. Ujumbe wa muamala wa simu, matokeo ya Simba na Yanga, maandishi ya kanga. Angalia tu kwamba kanga na daladala huandikwa kwa herufi kubwa. Nimekuta wanaosoma MGENI NJOO MWENYEJI APONE bila kusita, halafu wakakwama kwenye maneno yaleyale kwa herufi ndogo. Ukitumia mashairi ya wimbo wanaoupenda, kata mistari na uichanganye, la sivyo wataimba badala ya kusoma. Na kama kijana ana mdogo wake wa darasa la pili, mpe kazi ya kumsomea. Ni njia ya heshima ya kushika kitabu chepesi.

Yupo atakayejitahidi kuliko wote na bado atasoma polepole mno. Mpeleke kwanza apimwe macho na masikio. Kama yako sawa, huenda ana disleksia, yaani ugumu wa kuzaliwa nao wa kusoma na kuandika maneno, ambayo kwa lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa hujionyesha zaidi kwa mwendo mzito na tahajia mbovu kuliko kwa kusoma kimakosa. Mwongezee muda, mpunguzie imla, zungumza na mzazi wake kwa upole. Si uvivu.

Kuhusu Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya masomo mengi sekondari: subiri Kiswahili kikae, kisha mwambie waziwazi kwamba herufi ni zilezile ila kanuni ni nyingine. Ukimwandikia wake, pole, mate, pale, atazisoma zote sawasawa, kwa Kiswahili. Onyesha safu mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, ile e ya mwisho ikinyamaza upande wa pili na kuigeuza irabu iliyotangulia. Anza na pen, bed, pot, na mzoeze kuishia kwenye konsonanti ya mwisho, maana ulimi wetu unataka "peni" na "bedi".

Halafu waombe wenzako wa sayansi wakupe mapema maneno magumu ya wiki ijayo. Yakate silabi na vijana kabla hawajayakuta ubaoni. Utaona kitu cha ajabu: photosynthesis, ukishawaambia kwamba ph ni f, wanaipita kipande kwa kipande. Wanakwama kwenye though, na hiyo inabidi waikariri tu.