Maswali ya Wasomaji: Taa Kubwa Zinazowaka kwa Kuvuta na Kugoma kwa Kusukuma

SWALI: Ndugu Mhariri, nina gari la Kijapani la miaka ya tisini, lenye mkono wa taa upande wa kulia wa usukani. Nikiuvuta mkono huo kumwashia dereva mwenzangu, taa kubwa zinawaka vizuri pande zote mbili. Nikiusukuma mbele ili fulu, yaani mwanga mrefu, ibaki, dimu, yaani mwanga mfupi, inazimika na mbele kunakuwa giza tupu. Fundi ameniambia ninunue globu mbili mpya. Je, ni sahihi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usinunue globu, kwa sababu gari lako lenyewe limekwisha kukuonyesha kwamba ni nzima.

Globu iliyomo katika magari mengi ya umri huo ni ile ya miguu mitatu iitwayo H4, iliyoanza kutumika mwaka 1971. Ndani yake mna nyuzi mbili, mmoja wa wati 55 kwa ajili ya dimu na mwingine wa wati 60 kwa ajili ya fulu. Uzi wa fulu umekaa mahali ambapo kiakisi, yaani ile sahani inayong'aa ndani ya taa, huukusanya mwanga wote na kuupeleka mbele moja kwa moja. Uzi wa dimu umesogezwa mbele kidogo, na chini yake pana kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usifike nusu ya chini ya kiakisi; mwanga unaotoka ni ule tu uliogonga nusu ya juu, nao huinamia barabarani badala ya kupanda machoni mwa anayekuja.

Kuvuta mkono na kuusukuma ni kazi mbili tofauti zinazoishia kwenye uzi uleule wa fulu. Unapovuta, unagusanisha vipande vya shaba ambavyo springi huvitenganisha mara tu unapoachia, na njia hiyo ya umeme haisubiri suichi kuu ya taa. Ndiyo maana unaweza kumwashia mtu mchana ilhali taa zako zote zimezimwa. Unaposukuma, huwashi taa upya, bali unauhamisha umeme kutoka dimu kwenda fulu, kwa hiyo ni lazima taa ziwe zimekwisha kuwashwa.

Sasa tufuate dalili zako. Kwa kuvuta, taa zimewaka, kwa hiyo globu, soketi zake, fyuzi na nyaya za fulu hazina kasoro. Dimu nayo inawaka, kwa hiyo suichi kuu na relei ya taa, yaani suichi inayoamrishwa kwa umeme mdogo, zinafanya kazi. Kilichobaki ni mguso wa fulu, yaani vipande vya shaba vinavyokutana ndani ya mkono wenyewe, na katika magari ya namna hii sehemu hiyo huungua mara nyingi. Taa mbili za wati 60 katika umeme wa volti 12 hunywa ampea 10, na watengenezaji wengi wa Kijapani wa wakati ule waliupitisha umeme huo wote katika suichi ya usukani. Kila unapobadilisha, cheche ndogo huruka, shaba huungua kidogo kidogo, na baada ya miaka mingi mguso hukataa kabisa kupitisha umeme.

Mwombe fundi wa umeme afungue kifuniko cha chini ya usukani, aweke taa ya majaribio kwenye soketi ya suichi, na apime wakati wewe unasukuma. Mguso ulioungua kidogo unaweza kusafishwa kwa msasa laini, lakini kwa maoni yangu ni afadhali kubadilisha suichi nzima, kisha kuongeza relei mbili zenye waya mnene kutoka betri, ili suichi mpya ibebe umeme mdogo tu wa kuamrisha relei.

Kabla ya matengenezo hayo usisafiri usiku, nami nakusihi kwa dhati. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka fulu imulike angalau mita 100 na dimu angalau mita 40. Mwongozo wa madereva wa Uingereza unahesabu kwamba gari lenye mwendo wa takribani kilomita 80 kwa saa huhitaji mita 53 ili kusimama kwenye lami kavu. Dereva anayekimbia kwa mwendo huo akitegemea dimu inayofika mita 40 hataweza kusimama mbele ya lori lililoharibika bila taa, na sote tunajua jinsi malori hayo yanavyoachwa katika barabara zetu kuu. Kwako wewe hatari ni kubwa zaidi, kwani ukisukuma mkono kwa mazoea utapoteza hata hiyo dimu, na katika sekunde moja ya giza utakuwa umekwenda mita 22.

SWALI: Taa moja ya mbele imekuwa nyekundu hafifu, na kile kitaa cha buluu kwenye dashibodi kinawaka kwa mbali hata ninapotumia dimu. Je, ni kompyuta ya gari?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ikiwa gari lako ni la Kijapani la zamani, anza na fyuzi ya taa iliyofifia. Katika mengi ya magari hayo kila taa ina fyuzi yake, na suichi hukata upande wa ethi, yaani bodi ya gari ambamo umeme hurudia, si upande wa betri. Fyuzi ya upande mmoja ikikatika, umeme wa taa isiyo na kasoro hupenya katika uzi wake wa fulu, ukaingia upande wa pili kwa nyuma, na kuishia kwenye ethi kupitia uzi wa dimu wa taa iliyokosa fyuzi. Nyuzi tatu zinagawana volti 12, na kitaa cha buluu kinapata sehemu ndogo ya volti hizo. Weka fyuzi ya ampea zilezile zilizoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku. Ikikatika tena, tafuta waya uliochubuka au soketi iliyoyeyuka. Kamwe usiweke kipande cha waya mahali pa fyuzi.

SWALI: Ninaendesha gari lenye usukani wa kulia lililotoka Japani. Kila usiku madereva wananiwashia fulu kwa hasira ingawa mimi nimeweka dimu. Wananitaka nini?
Msomaji, Bujumbura

JIBU: Wana haki ya kulalamika. Mwanga wa dimu haukatwi sawasawa pande zote: upande wa magari yanayokuja umekatwa chini, na upande wa ukingo wa barabara umeachwa ukipanda juu ili uwaonyeshe waenda kwa miguu na alama. Japani huendesha kushoto, kwa hiyo taa zako hupandisha mwanga kushoto. Burundi huendesha kulia, na kushoto kwako ndiko wanakotokea wenzako.

Kubadilisha globu hakutasaidia, kwani mwelekeo huo umo katika utengenezaji wa taa nzima; na globu za LED za bei rahisi huzidisha kero, kwa kuwa chanzo cha mwanga hakikai pale uzi ulipokusudiwa kukaa. Kuinamisha taa kwa skrubu kunapunguza kero, lakini kunakufupishia barabara. Dawa ya kudumu ni kutafuta taa za modeli yako zilizotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, kwa mfano zilizotoka kwenye magari yaliyouzwa Oman au Falme za Kiarabu.

Na wakikuwashia, usijibu kwa kuwawashia. Mwongozo uleule wa Uingereza, katika kanuni ya 110, unaruhusu kuwasha taa kwa ghafla kwa shabaha moja tu, yaani kumjulisha mwingine kwamba upo. Punguza mwendo, uelekeze macho kwenye ukingo wa kulia mpaka mpishane, na mpaka utakapopata taa nyingine, fanya safari zako kabla jua halijazama.