Nawafundishaje wadhibiti wa umeme jinsi sheria za kikanda zinavyotungwa?

SWALI: Habari wakili. Mimi ni injinia, nafanya kazi kwenye udhibiti wa umeme hapa Kampala, mambo yangu ni laini na upotevu wa umeme njiani. Bosi kaniambia niandae mafunzo ya siku mbili kwa wenzangu kuhusu jinsi sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinavyotungwa, manake umeme siku hizi unavuka mipaka na makaratasi kutoka Arusha hayaishi. Nimepewa Mkataba wa Jumuiya mzima, nimeusoma nikasinzia. Nianzie wapi? Na hivi Baraza la Mawaziri la Jumuiya likishaamua kitu, sisi tumeshafungwa au mpaka Bunge letu lipitishe kwanza?

JIBU: Injinia, pole. Ule Mkataba hata sisi mawakili hatuusomi kuanzia ukurasa wa kwanza. Usianze na historia wala orodha ya vyombo vya Jumuiya, watu watakuwa WhatsApp kabla ya chai ya saa nne. Anza na kitu ambacho tayari kinafanya kazi na kila mtu anakijua, mfano Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Ofisa wa forodha pale Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, anaitumia kila siku na haikutungwa Kampala, ilipitishwa na Bunge la Afrika Mashariki, wakuu wa nchi wakaisaini, kazi ikaanza. Halafu waulize: na hii karatasi iliyoletwa mezani kwetu, nayo ni ya aina hiyo? Wengi watababaika, na hapo ndo somo lenyewe linaanza.

Sasa hilo swali lako la pili. Ibara ya 16 ya Mkataba inasema kanuni, maagizo na maamuzi ya Baraza la Mawaziri yanazibana nchi wanachama, kwa hiyo Uganda kama nchi imefungwa bila kusubiri wabunge wetu. Na usidhani ukiona limeamuliwa na Baraza la Kisekta la Nishati, yaani mawaziri wa nishati wa nchi wanachama, basi lina uzito mdogo, maamuzi ya mabaraza ya kisekta yanahesabiwa kuwa ya Baraza lenyewe. Lakini itifaki, yaani mkataba mdogo unaotungwa chini ya ule mkuu, ni habari nyingine, hiyo lazima isainiwe kisha iridhiwe, na kwetu hapa, kwa sheria yetu ya kuridhia mikataba ya 1998, kazi hiyo kwa kawaida ni ya Baraza la Mawaziri la Uganda halafu ndo inawekwa mezani Bungeni. Watu wengi wanadhani kila kitu kinapigiwa kura Bungeni, hapana. Muswada wa Arusha nao una ugumu wake, ukishapita bungeni kule unahitaji saini ya kila mkuu wa nchi, na sasa tuko nchi nane. Usiposainiwa ndani ya miezi mitatu unarudishwa bungeni, ukipelekwa tena na mmoja akagoma, umekufa.

Kuna mtego hapa ambao naona mafunzo mengi yanauruka. Uganda kufungwa si sawa na ofisi yenu kuwa na mamlaka ya kutekeleza. Ofisi yenu imezaliwa na Sheria ya Umeme ya 1999, ile iliyofanyiwa marekebisho 2022, na mkifanya jambo ambalo sheria hiyo haikuwapa, kampuni ya umeme itawashtaki hapahapa Kampala. Ni kweli Ibara ya 8 inazipa sheria za Jumuiya nafasi ya juu kwa mambo ya kutekeleza Mkataba, ila bado kila karatasi ikifika mtu ajiulize: hili tunaweza kulifanya kwa sheria tuliyonayo, au waziri atunge kanuni, au sheria yenyewe iguswe? Tenga saa nzima kwa swali hilo peke yake.

Usisahau pia kwamba tuko COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika lenye makao Lusaka. Huko aina za karatasi zimepangwa wazi zaidi, kanuni inabana yote, agizo linabana kwenye lengo na kila nchi inachagua njia yake, uamuzi unambana aliyeandikiwa tu, na pendekezo halimbani mtu. Wenzako wakishazoea mpangilio huo watautafuta kwenye Mkataba wa Afrika Mashariki, na Ibara ya 16 haiwatenganishii hivyo. Halafu Tanzania haimo COMESA, ilitoka mwaka 2000, ila imo Jumuiya na imo kwenye muungano wa gridi za Afrika Mashariki, ule wenye makao Addis Ababa. Kwa hiyo kanuni ya Lusaka inaweza kukubana wewe na Mkenya lakini isimguse Mtanzania ambaye umeme wenu unamfikia. Chora hiyo ubaoni, nchi moja moja, usitumie slaidi.

Tuje kwenye kiini. Maneno ya sheria yanaandikwa wapi? Sio kwa mawaziri. Mkutano wa Baraza la Kisekta una ngazi tatu, maofisa waandamizi kwanza, makatibu wakuu wanafuata, mawaziri mwisho, na mawaziri wakifika yale ya kiufundi mengi yameshapikwa chini. Mdhibiti akitaka neno libadilike aingie ngazi ya kwanza, au kabla yake, kwenye kamati ya wataalamu. Akisubiri mpaka lifike kwa waziri ataambiwa hili lilishakubaliwa, mbona hamkusema? Nimeona ofisi zikituma maoni mazuri sana, yamechelewa, yamekuwa mapambo. Na maamuzi kwa kawaida yanafanywa kwa makubaliano ya wote, maana yake nchi moja ikikaza, sentensi inalegezwa mpaka kila mtu ameridhika na hakuna anayejua inamaanisha nini.

Ndo maana siku ya pili usihutubie. Wape rasimu ya kipengele kimoja, andika mwenyewe: umeme unatoka Uganda, unapita laini za Kenya, unauzwa Tanzania, mdhibiti wa nchi ya kupita ndiye anapanga ada ya kupitisha na upotevu unalipwa na muuzaji. Wagawe makundi matatu, kila kundi nchi yake, wakubaliane wote ndani ya dakika arobaini. Wewe injinia utafurahi hapo, kwa sababu kundi la Uganda litagundua kwamba neno upotevu halijaelezwa linapimwa wapi, kwenye kituo cha mpakani au mwisho wa laini, na hiyo tofauti ni pesa. Mwanasheria peke yake asingeliona.

Ukileta mkufunzi wa Ulaya, mpokee vizuri ila mpe mipaka. Kule Tume ya Umoja wa Ulaya ndiyo inayoleta mapendekezo, Bunge na Baraza vinapatana, na kwenye Baraza wanapiga kura, asilimia 55 ya nchi zenye asilimia 65 ya watu, kwa hiyo nchi inaweza kushindwa na sheria ikaendelea. Wana na wakala wa wadhibiti wenye meno, makao yake Ljubljana, Slovenia. Chama chetu cha wadhibiti, EREA, pale Arusha, kinaoanisha na kushauri. Mkiiga slaidi zao mtawafundisha watu mlango ambao kwetu haupo.

Mahakama ya Afrika Mashariki iguse kidogo tu, hasa ule muda wa miezi miwili wa kufungua shauri, ni mfupi na unawakuta watu wamelala. Kesi ya zabuni ya bwawa la umeme la Karuma, hapa kwetu, ilifika mpaka huko, itumie, wataikumbuka. Na mwalike yule ofisa wa wizara ya nishati anayekaa kwenye vikao vya wataalamu, aje na ajenda za zamani, awaonyeshe rasimu ya kwanza na ile ya mwisho zikiwa pamoja.