Kabla hujapima dengi, uliza kadi ya manjano

Simama hapo hapo. Usinunue boksi hata moja.

Umeuliza mambo matatu: uzamili ufanyie wapi, kazi ya kutafiti kingamwili za virusi inalipa vipi hapa Nairobi, na kama boksi nne za ELISA, kile kipimo cha kutafuta kingamwili kwenye damu, zitatosha kupima IgG (kingamwili zinazobaki mwilini muda mrefu) ya dengi, homa inayoenezwa na mbu, kwa wahudumu wa ndege 300. La kwanza nitalifikia, la malipo tuliache leo. La tatu ndilo limenitoa kitandani. Wahudumu wa ndege, bana! Jiji lote hili, umewachagua wale ambao karibu kila mmoja anatembea na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Mimi nilichagua madereva wa matrela. Mlolongo, pale malori yanapolala. Miezi saba ya kuamka saa kumi usiku, baridi ya Athi River inakukata masikio, na dereva anakuuliza kama damu yake unaenda kuiuza. Nilipata sampuli 280 na kitu. Nilipozipima, vishimo vya sahani ya ELISA viligeuka manjano, yaani kingamwili zipo, mstari baada ya mstari. Karibu robo tatu ya madereva walikuwa na kingamwili za dengi!

Ugonjwa huo tumezoea kuusikia Mombasa, kwa hivyo nikajiambia nimegundua virusi vinavyopanda lori hadi bara. Nikachora ramani yenye mishale myekundu. Ramani ilikuwa nzuri, hiyo hata maadui wangu walikubali. Nikaiwasilisha mbele ya ukumbi mzima, na mama mmoja wa nyuma kabisa, fundi wa maabara aliyekaribia kustaafu, akauliza swali moja: "Hawa si ndio wanaokwenda Juba na Goma? Hawajachanjwa homa ya manjano?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Fomu yangu ilikuwa na maswali 41. Nilikuwa nimeuliza mpaka rangi ya chandarua. Chanjo sikuuliza.

Sikiliza sasa. Dengi, homa ya manjano, Zika na West Nile ni virusi vya ukoo mmoja, flavivirusi. Kwenye protini yao ya nje, E, kuna kitanzi kidogo ambacho virusi hutumia kujiunganisha na utando wa seli, na kitanzi hicho kinafanana mno katika ukoo mzima. Mtu akichomwa 17D, ile chanjo ya virusi hai vilivyodhoofishwa iliyompa Max Theiler Tuzo ya Nobel mwaka 1951, baadhi ya kingamwili zake zitakamata kitanzi hicho popote zitakapokiona. ELISA ya IgG haiulizi zaidi ya hapo. Ni bawabu wa ploti anayemfungulia geti kila mwenye pua ya ukoo.

Yule kijana wa suti aliyeniuzia maboksi aliapa kwamba kipimo "hakichanganyi". Karatasi iliyokuwa ndani, yenye maandishi ya saizi ya chawa, ilisema waziwazi kwamba flavivirusi nyingine zinaweza kuchanganya matokeo. Sawa, mwenye kosa ni mimi niliyeisoma baada ya aibu. Lakini msimamizi wangu, ambaye jina lake huonekana kwenye makala mara nyingi kuliko sura yake maabarani, nilipomtajia neutralisheni, yaani kupima kama kingamwili zinazuia virusi kweli, alinijibu kwamba hiyo ni anasa ya wazungu. Anasa! Ilinila mwaka na nusu na ruzuku yote, na yeye hata chai hajawahi kuninunulia.

Hiyo anasa yenyewe ni hivi. Unazimua seramu hatua kwa hatua, unaichanganya na virusi hai, unamimina juu ya seli za Vero, zile zilizotokana na figo la tumbili, kisha unasubiri siku kadhaa na kuhesabu madoa ambako seli zimekufa. Madoa yakipungua, kingamwili zimezuia. Unafanya dengi na homa ya manjano bega kwa bega, kwa virusi vya aina ya 17D ukitaka usalama, na West Nile ukiweza. Kwa kawaida kiwango cha kingamwili zinazozuia dengi kizidi cha mwenzake angalau mara nne ndipo uandike "dengi". Na aliyewahi kuugua zaidi ya kimoja bado atakusumbua.

Seramu yangu ilikuwa imebaki tone. Nikarudi Mlolongo kuomba nyingine. Dereva mmoja akanitazama: "Daktari, ile ya kwanza ulikunywa?" Matokeo mapya yaliacha watu wa dengi wa kuhesabu kwa vidole. Ramani siku hizi inaziba ufa ukutani.

Usidhani ni aibu tu. Ufilipino walichanja watoto zaidi ya 800,000 kwa Dengvaxia, chanjo ya dengi, kisha mwishoni mwa 2017 wakasimamisha, maana ambaye hakuwahi kuugua dengi kabla ya sindano alikuwa kwenye hatari zaidi ya dengi kali. Baadaye shauri likawa kumpima mtoto kwanza. Kipimo kikimdanganya daktari kwamba mtoto aliwahi kuugua, kimempeleka penye hatari.

Na kwa kuwa umesema unaota kugundua kingamwili za VVU: PG9 na PG16, zilizotangazwa 2009 kutoka kwa damu ya mtu mmoja wa Afrika, zilipatikana kwa sababu watafiti walitafuta moja kwa moja zinazozuia virusi. PG9 hushika vibaya kipande cha protini kilichotengwa peke yake. Wangechuja kwa kushika tu, wangeimwaga kwenye sinki. Kushika si kuzuia. Andika hilo juu ya friza.

Uzamili fanyia popote penye chumba cha seli kinachofanya kazi na jenereta inayowaka stima ikipotea.

Fomu yako ianze na swali la chanjo ya homa ya manjano: alichanjwa au la, mwaka gani, na kadi uione kwa macho. Halafu usiiamini sana, kuna kadi zilizonunuliwa mjini bila sindano. Muulize alichomwa mkono upi. Akianza kutazama dari, weka alama ya kuuliza na uendelee na anayefuata.