Uji wa moto kwenye kikombe cha plastiki, na maswali mengine ya wazazi

Mwanangu ana miaka miwili, kilo 12. Kila asubuhi namwekea uji wa lishe kwenye kikombe cha plastiki ukiwa bado unafuka. Wataalamu wanajuaje ni kemikali kiasi gani zinamfikia? (Mama, Nkuhungu)

Mama, hesabu yenyewe ina vitu vitatu: kemikali iliyotoka kwenye chombo ikaingia kwenye chakula, kiasi cha chakula anachokula mtoto kwa siku, na uzito wake. Unazidisha viwili vya kwanza, unagawanya kwa uzito. Tuchukulie kila kilo ya uji imepokea maikrogramu 10 (maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu), na mtoto anakunywa gramu 300. Zimemwingia maikrogramu 3. Gawanya kwa kilo 12, unapata 0.25 kwa kila kilo ya mwili. Wewe, tuseme una kilo 60, ukinywa uji huohuo, kiasi hichohicho, unapata 0.05. Mtoto amepata mara tano yako.

Hili linaniuma, kwa sababu kwa miaka mingi makadirio ya Ulaya yamejengwa juu ya mtu wa kilo 60 anayekula kilo moja ya chakula kilichofungashwa kwa siku. Hiyo ni kama gramu 17 kwa kila kilo ya mwili. Kichanga anayelishwa kwa chupa anaweza kunywa mililita 150 kwa kila kilo yake, karibu mara 9. Mwaka 2016 mamlaka ya usalama wa chakula ya huko, EFSA, ilipendekeza watoto wawekewe hesabu yao.

Turudi kwenye kikombe chako. Kemikali hutoka zaidi kukiwa na joto, mafuta, uchachu na muda mrefu. Uji wenye karanga na ndimu, ukimiminwa wa moto, una vitatu kati ya hivyo kwa mpigo. Uache upoe kwenye sufuria hadi uwe vuguvugu, ndipo umimine. Kikombe kilichopauka na kujaa mikwaruzo ya steelwaya, kichotee maji ya kufulia.

Ila wanaotumia maziwa ya kopo wasipunguze joto la maji: yasiwe chini ya nyuzi 70, ili vijidudu vife. Changanyia kwenye chombo cha glasi kilichochemshwa, yakipoa tia kwenye chupa.

Nikitoka Singida hununua mafuta ya alizeti barabarani. Yanakuwa kwenye chupa za maji, yamepangwa juani. Yana shida? (Dereva, Chang'ombe)

Kaka, chupa za maji zenye namba 1 chini hazitengenezwi kwa bisfenoli A, ile kemikali ya baadhi ya plastiki ngumu inayosemwa sana kwa kifupi BPA. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba hujui chupa hiyo ilibeba nini kabla. Mafuta ya taa na baadhi ya viuatilifu hupenya kwenye plastiki, maji na sabuni havivitoi vyote, kisha mafuta ya kula huja kuviyeyusha. Na jua lenyewe huyachachua mafuta. Nenda na dumu lako safi, umwombe muuzaji akupimie kutoka kwenye chombo kilichokaa kivulini.

Chupa ya mtoto imeandikwa kuwa haina BPA. Inatosha? (Mwalimu, Kongwa)

Ni hatua nzuri, Mwalimu, lakini maandishi hayo yanazungumzia kemikali moja tu. Viwanda vingine vimeweka kemikali nyingine, BPS, badala yake, nayo ni ndugu wa karibu wa BPA kwa umbo.

Na kuhusu BPA yenyewe, wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2015 EFSA iliona maikrogramu 4 kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni salama. Mwaka 2023 ikashusha hadi nanogramu 0.2, mara 20,000 chini, maana nanogramu 1,000 ndizo maikrogramu moja. Taasisi ya Ujerumani, BfR, ikapinga na kuweka nanogramu 200. Mzazi asubiri wamalizane? Hapana. Ukiweza, tumia chupa ya glasi, na kama ni ya plastiki, usipashe maziwa moto ndani yake.

Maandazi yakifungwa kwenye gazeti? (Mama lishe, Majengo)

Usifunge, dada. Wino wa gazeti una mafuta ya madini, yaani yatokanayo na petroli, na andazi la moto huyanyonya. Tandika karatasi nyeupe isiyochapishwa, au mpe mtoto kwenye sahani.

Naweza kumpima mjukuu wangu mkojo nijue ana kemikali kiasi gani? (Bibi, Mpwapwa)

Shikamoo bibi. Watafiti hupima mkojo kweli, lakini wa watu wengi kwa pamoja. BPA hutoka mwilini ndani ya siku moja hivi, kwa hiyo kipimo kimoja kitakuonyesha alichokula jana, si anachokula mwaka mzima. Hela hiyo iweke. Chukua daftari, kwa siku tatu uandike alichokula, kiasi gani, kimetoka kwenye chombo gani, na kama kilikuwa cha moto. Makadirio mengi huanzia kwenye orodha kama hiyo. Kitakachojirudia zaidi kikiwa cha moto na chenye mafuta ndani ya plastiki, anza kubadilisha hicho.