Kisu cha kukunja cha bei rahisi: anzia shingoni

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi ni kijana wa Mikindani, msimu wa korosho nashika daftari kwenye ghala la chama cha msingi, msimu ukiisha naenda baharini na kaka yangu. Nataka kisu cha kukunja cha kukaa mfukoni, cha kukatia uzi wa magunia, kumenya embe, kukata mshipi ukinasa. Sokoni Mtwara mjini nimeona vya elfu nane, vya elfu kumi na tano, na duka moja wana cha elfu thelathini na tano wanasema hicho ndo orijino. Nilichonacho nilinunua mwaka jana, kimeshaanza kucheza halafu kina madoa ya kutu ingawa kimeandikwa stenlesi. Nachaguaje ili pesa isipotee tena?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana kisu unachokieleza kinafanana kabisa na kile kilichonikata mimi. Nilikuwa ufukweni Msangamkuu natoboa dumu la mafuta ya kula nitengeneze kata ya kukumbia maji kwenye ngalawa, nikakandamiza ncha, plastiki ikagoma, na kisu kikajikunja chenyewe kwa nguvu ileile niliyokuwa nasukumia. Makali yalikuwa mazuri sana siku hiyo, nilikuwa nimeyanoa asubuhi, ndo maana yalifika mfupani. Nyuzi nne kidole cha shahada na mpaka leo baridi ya kusi ikivuma hakikunji sawa. Kwahiyo mtu akiniuliza kisu cha kukunja mi simwambii habari ya makali kwanza, namwambia ashike shingo, yani pale bapa linapoingia kwenye mpini, kwa sababu kisu butu utakinoa jioni lakini kisu kinachojikunja mkononi hakina dawa.

Hivi vya bei rahisi vingi loki yake ni kibati chembamba ndani ya mpini. Ukifungua kisu kibati kinasogea pembeni kinakaa nyuma ya kitako cha bapa, hicho tu ndo kinachozuia kisirudi. Sasa kifungue pale dukani, kigeuze, uchungulie mgongoni kibati kimekaa wapi. Kama kimegusa kitako kwa pembe tu, kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kiti, kirudishe, siku ukikaza kitateleza. Kama kimevuka mpaka kikagota upande wa pili nacho ni kibaya, maana yake kimeshalika au kimetengenezwa ovyo na hakina pa kwenda tena kikiendelea kulika. Kinatakiwa kikae kabisa nyuma ya bapa, wastani. Halafu weka vidole vyote mbali na njia ya makali, shika mpini kwa pembeni tu, gonga mgongo wa bapa taratibu kwenye ukingo wa meza mara tatu nne. Sio kupiga kama unaua nyoka, unagonga tu. Kikijikunja hapo, hata akupunguzie bei usichukue.

Baada ya hapo shika ncha na mpini utikise kushoto kulia, kisha juu chini. Kuyumba kidogo sana kushoto kulia kunavumilika kama shingo imefungwa kwa skrubu maana utakaza mwenyewe, lakini kikicheza juu chini ujue ni loki yenyewe haikai, na hiyo skrubu haitibu. Kikunje pia uangalie kwenye mwanga bapa limelala katikati au limeegemea upande mmoja, likiegemea litakuwa linajikwaruza makali kila ukifunga.

Hicho chako cha sasa kiangalie shingoni kabla hujakitupa. Kama kuna skrubu, safisha mchanga, tia tone la mafuta ya cherehani, kaza robo mzunguko, jaribu, kaza tena kidogo. Kama ni riveti, yani kipini kilichogongwa ncha zote mbili, kuna mafundi wanaigonga ikabana, ila kama loki imeshalika mi nakushauri kistaafishe, kifanye cha kufungulia mabox tu.

Sasa chuma. Ukiona kwenye bapa pameandikwa 3Cr13 au 8Cr13MoV usipite tu, hiyo namba inasema kitu. Ya mbele inakuonyesha kaboni, 3 ni kama asilimia 0.3 na 8 ni kama asilimia 0.8, na 13 ni kromiamu asilimia 13 hivi. Kaboni ndo inafanya chuma kiwe kigumu kikishapikwa motoni na kuzimishwa, kromiamu ndo inapigana na kutu. Kwahiyo yenye 3 inastahimili kutu kidogo zaidi lakini yenye 8 itashika makali muda mrefu zaidi, kama waliipika vizuri. Hapo kwenye kupika ndo penye shida, maana maandishi yanagongwa na mashine na mtu anaweza kugonga anachotaka. Mi sitegemei maandishi peke yake, naenda na kipande cha kamba ya katani na gazeti mfukoni. Nakata gazeti, nakata kamba mara kumi na tano au ishirini mahali palepale pa makali, narudi kwenye gazeti. Kisu kizuri kitaendelea kukata, labda kitasuasua kidogo. Kisu kibovu kinachana. Muuza duka anayekukatalia jaribio hili wakati kamba ni yako na gazeti ni lako, nenda duka la jirani.

Na hicho cha elfu thelathini na tano, muulize orijino ya nani? Majina yenye historia yapo na yanajulikana. Okapi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa huku Afrika, sasa hivi inatengenezwa Afrika Kusini, ile ya mpini wa mbao yenye nyota na mwezi. Opinel ni ya Ufaransa tangu 1890, nayo nzuri yake ni pete ya chuma shingoni, waliyoiweka mwaka 1955, unaizungusha inaziba mlango bapa haliwezi kurudi, na ukizoea utaona ni loki rahisi kuliko zote na haina springi ya kujaa mchanga. Ila kwa mtu wa baharini kama wewe nina neno juu ya Opinel: mpini wake ni mti mtupu, ukilowa unavimba, bapa linabanwa ndani hulitoi kwa kucha. Na ziko za aina mbili, ya kaboni na ya stenlesi, ya kaboni ukiikatia embe moja tu au bibo asubuhi, jioni ina mawingu ya kijivu. Sio uchafu wala haina madhara, ila kuna watu inawasumbua. Victorinox ya Uswisi chuma chake sio kigumu sana, wanakiacha hivyo makusudi, kinanoleka haraka na kutu hakiijui sana, lakini vile vidogo vingi havina loki kabisa, ni springi tu inashikilia, kwahiyo ni vya embe na uzi, sio vya kutobolea dumu.

Kama jina halipo kwenye hayo wala kwenye mengine unayoyajua, basi unalipia ngozi ya boksi. Kwa kazi uliyoitaja mi ningechukua kile cha elfu kumi na tano kama kimefaulu shingoni, bapa lake lisizidi urefu wa kiganja chako na liwe jembamba. Vijana wanapenda bapa nene lenye meno nusu na rangi nyeusi, linaonekana la kijeshi, lakini limenye embe uone, linapasua badala ya kukata. Wembamba ndo unakata. Meno yanasaidia kwenye kamba iliyolowa, hilo nakubali, ila siku yakiisha kuyanoa nyumbani ni mtihani.

Kuhusu kutu, usimlaumu sana aliyekuuzia, stenlesi maana yake sio haishiki kutu. Ile kromiamu inatengeneza ngozi nyembamba juu ya chuma, huioni, na chumvi ndo adui wake, inaitoboa vidoti vidoti. Nadhani madoa yako ni ya namna hiyo, ya kahawia kama ya ndizi iliyoiva sana, na yameanzia shingoni ambako maji yanakaa. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na wewe unakirudisha mfukoni kimelowa, suruali nayo imelowa. Ukitoka baharini kioshe kwa maji ya kisima kikiwa wazi, kifute, kiache wazi mpaka shingo ikauke, tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi wazee wanayatumia na kwenye bapa la kukatia chakula ni sawa, ila shingoni yanaganda yakikaa na kisu kinakuwa kizito.

Jambo la mwisho na tafadhali lizingatie, wewe uko ghalani. Ukichokonoa korosho ghafi kwa kisu, mafuta ya ganda yanabaki kwenye bapa, na yale mafuta yanaunguza, waulize akina mama wanaobangua kwa nini wanajipaka majivu au mafuta mikononi. Usitoke hapo ukamenyea mtoto embe. Osha kwa sabuni kwanza, na shingoni pia.

SWALI: Salaam mjomba, mi nauza pweza na mihogo ya kukaanga hapa Lindi mjini karibu na bahari. Kuna fundi nilimpa visu vyangu akavinoa kwa mashine ya umeme, vilirudi vinameta lakini ukingoni pana rangi ya bluu na siku mbili tu vimekufa makali. Ni mimi sijui kutumia au yeye ameviharibu?

JIBU: Dada yangu, sio wewe. Ile bluu ni alama ya joto, chuma kimefika nyuzi 300 au zaidi pale ukingoni na ugumu wake umekwenda. Mashine sio mbaya, ubaya ni kukandamiza bila kuchovya kwenye maji. Hivyo visu havijafa bapa zima, ni ukingo tu, inabidi ile sehemu ya bluu iliwe kabisa kwa jiwe la mkono mpaka ufike chuma kizima, kazi ya mchana mmoja lakini inawezekana.

Kwa siku za kawaida huhitaji fundi. Chukua kikombe cha udongo cha chai, kipindue, chini kina duara linalokwaruza lisilopakwa rangi. Lilowanishe. Laza kisu juu yake kisha inua mgongo kidogo, nyuzi 20 hivi, yani mwanya wa kupita kidole kidogo chini ya mgongo wa kisu kipana, halafu vuta kama unataka kulikata lile duara kipande chembamba, kutoka kitakoni mpaka nchani. Mara kumi upande huu, mara kumi ule. Ukipitisha dole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, usipitishe kwa urefu wa makali utajikata, utasikia kinywele cha chuma kinakwaruza upande mmoja. Hiyo ni dalili nzuri, makali yamekutana. Sasa punguza nguvu kabisa, vuta mara moja moja kila upande mpaka kile kinywele kiishe. Kisha kiangalie chini ya taa makali yakielekea machoni, ukiona mstari unaomeremeta mahali ujue hapo bado butu, makali yenyewe hayaonyeshi mwanga.

Pweza usimkatie juu ya sahani ya chuma wala juu ya kigae, ubao tu.

SWALI: Mjomba nasafiri kwa ndege kutoka Mtwara kwenda Dar, kisu changu cha mfukoni nakiachaje?

JIBU: Kiweke kwenye begi linaloingia chini, kimekunjwa na kufungwa kwenye kitambaa, ulikabidhi kaunta kabla hujafika kwenye ukaguzi. Ukikisahau mfukoni watakichukua, na hata uwe umekibeba miaka kumi hawatakurudishia. Jana yake usiku pekua pia mfuko wa koti na ule mfuko mdogo wa mbele wa begi la mkononi, maana huko ndo vinakosahaulika.