Msiinunulie ofisi printa mpya kabla ya kusoma haya

Fundi, shikamoo. Kila umeme ukikatika na kurudi, kompyuta zote zinadai printa haiko mtandaoni, na yenyewe imewaka vizuri tu. Bosi anataka kununua nyingine. (Karani, Chumbageni, Tanga)

Marahaba. Mwombe bosi asubiri, maana hela hiyo inaweza kupotea bure. Rauta (kile kifaa kinachosambaza mtandao ofisini) ndiyo inayoigawia printa anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha kwenye mtandao, mfano 192.168.1.20. Umeme ukirudi, rauta inaweza kuipa namba nyingine, huku kompyuta zikiendelea kupeleka kazi kwenye ile ya zamani. Ingia menyu ya printa yenyewe, toa karatasi ya taarifa za mtandao, usome anwani ya leo. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye poti ya printa katika kompyuta, yaani pale kwenye mipangilio panapoonyesha kazi zinapelekwa wapi. Zikitofautiana, mchawi umemkamata.

Kubadilisha namba kwenye kila kompyuta kutakufikisha hadi umeme utakapokatika tena. Dawa ya kudumu iko kwenye rauta: ichukue namba ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe) kutoka kwenye karatasi hiyohiyo, uiwekee printa anwani moja isiyobadilika.

Ukikuta anwani inaanza na 169.254, hilo ni jambo jingine: printa haikupata namba kabisa. Fuata waya wa mtandao hadi kwenye swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za mtandao. Hapa Tanga hewa ya bahari ina chumvi, kwa hiyo chomoa kichwa cha waya utazame vile vimeno 8 vya ndani. Ukiona ukijani wa kutu, kata uweke kichwa kipya.

Kazi moja imeganda kwenye foleni tangu asubuhi. Nimezima printa mara kadhaa, bado ipo. (Mhasibu, Ngamiani)

Kuzima printa hakuifuti, kwa sababu kazi imekaa kwenye kompyuta. Fungua orodha ya huduma za Windows, simamisha Print Spooler (huduma inayosimamia foleni ya kuprinti), futa mafaili yote yaliyomo kwenye C:\Windows\System32\spool\PRINTERS (folda yenyewe iache), kisha washa huduma tena. Ila waarifu wenzako kwanza: kama printa inapitia kompyuta hiyo, kazi zao nazo zitafutika.

Dada wa mapokezi akifunga kompyuta yake jioni, hakuna anayeweza kuprinti. Kwa nini? (Raskazone)

Kwa sababu printa imechomekwa kwake, nanyi nyote mnapitia kwake. Kama ina tundu la waya wa mtandao, ichomekeni kwenye swichi moja kwa moja. Kama haina, kompyuta hiyo ibaki imewaka na isilale.

Printa inaomba karatasi wakati trei imejaa! (Mwalimu, Pongwe)

Soma vizuri inachoomba. Mara nyingi faili limepangwa kwa saizi ya Letter ya Marekani, milimita 216 kwa 279, na kwenye trei kuna A4, 210 kwa 297. Badilisha iwe A4 kwenye faili, na pia kwenye mipangilio ya printa katika kompyuta yako, la sivyo kesho itaomba tena.